Mbeleko ya Maua Mekundu

Tunduma, 18 Februari 1952

Mama Jenista,

Mulishani! Ndivyo tunavyosalimiana huku mpakani, nimeshazoea. Mimi ni mzima. Kazi ya ghala kwa Mhindi inaendelea, kutwa nzima nahesabu magunia ya kahawa na chumvi, na malori ya watu wanaokwenda migodini hayakatiki barabarani. Krismasi sikuweza kuja. Sababu nilikueleza, tusirudie.

Nina neno kubwa. Jenista nimempatia shule. Ni shule ya misheni ng'ambo ya mpaka, karibu tu na nyumbani kwangu. Wasichana wanafundishwa kusoma, kushona na Kiingereza, nao wanaanza baada ya Pasaka. Wewe mwenyewe ulililia shule mpaka macho yakavimba, baba yako akakutoa darasa la nne. Basi mwanao asilie hivyo.

Lakini unawajua watu wa kwetu. Mjukuu hatoki nyumbani mpaka babu yake atamke, na atamke kwa mdomo wake mbele ya baba zangu wadogo. Akitikisa kichwa tu, hawakubali. Nimemtumia baba salamu mara mbili, kimya. Nasikia taya zimemkaza, anasaga meno, kinywa hakifunguki. Mtume mtoto amwulize kama mlivyozoea, babu aseme neno lake tumalize.

Jenista asuguliwe vizuri kabla ya safari. Asije huku na chawa na vidole vya funza, hapa ninaishi na watu wastaarabu. Mfundishe kupika uji mwepesi usio na mabonge. Na umpe ile mbeleko yako uliyombebea yeye, ile ya maua mekundu. Huku kuna baridi, atajifunika.

Je, Ezron jirani yetu amefika huko kutoka huku? Akija na maneno msimsikilize. Pombe ya Tunduma imemharibia kichwa.

Ni mimi mumeo,
Lwitiko Anyitike


Ikinga, 5 Machi 1952

Baba Jenista,

Hiyo mulishani yako mwachie Mhindi. Sisi hapa tunasalimiana kwa lugha ya marehemu mama yako, ambaye angekuchapa kibao.

Lakini leo sikugombezi. Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Shule! Jenista anaandika jina lake kwenye majani ya mgomba kwa mwiba, migomba yote nyuma ya nyumba sasa inaitwa Jenista. Nimemwambia aache, babu atakasirika, lakini moyoni nacheka.

Sasa nikueleze habari za baba, na uwe umeshakula kabla hujasoma. Yule mzee anatia kinyaa. Bwana nisamehe, ni baba yako, lakini sina neno jingine. Anasaga meno kama mtu anayetafuna mtama wenye mchanga, tena hata kanisani. Mchungaji anaomba, watu wamefumba macho, unasikia kriii, kriii kutoka kwenye benchi la wazee wa kanisa. Akina mama wanajivutia nguo masikioni. Jumapili iliyopita, Jenista anasimulia, alitema kipande cha jino kwenye leso, akakikunja humo, akaitia mfukoni, halafu akatoa leso ile ile akajifutia uso. Bakuli la chakula Jenista analirudisha na mabonge aliyoshindwa kutafuna, yana mate na damu. Naliosha nimegeuza uso.

Mimi simwoni, unajua. Ni mwiko wetu: akipita, mimi mkwe wake nachutama kwenye migomba na kujifunika kichwa, na tangu niolewe hatujasemezana hata neno moja. Mama alipokuwa hai alitupitishia maneno. Sasa ni Jenista peke yake: babu anasema hivi, mama anasema vile. Nimemtuma amwulize habari ya shule. Amerudi anasema babu kamtazama, kisha kageukia ukuta.

Na siku hizi ananikwepa kupita kiasi. Zamani alikuwa akikohoa kabla ya kutoka ili nipate kujificha. Sasa hatoki kabisa mpaka nimekwenda shambani. Nimemkosea nini? Mimi naona ni roho mbaya tu. Anaogopa mtoto akiondoka nani atampelekea ugali. Kwa ajili ya tumbo lake yuko radhi mwanangu abaki mjinga.

Ezron alishafika tangu mwezi uliopita. Ajabu, kwangu hakuja kunywa togwa kama zamani. Alikwenda moja kwa moja kwa baba, wakakaa zizini mchana kutwa. Taya za baba zilianza kukaza juma lile lile. Labda walikula kitu kibovu.

Mkeo,
Sekela


Tunduma, 14 Machi 1952

Mama Jenista,

Ezron na baba walikaa mchana kutwa wakizungumza nini? Basi, achana nayo. Mlevi hana la maana.

Nimefikiri sana. Bibi yako Enesi alikuwa fundi wa kukanda taya, watu wakimjia kutoka mabonde yote hayo, na wewe ndiye uliyekuwa ukimpashia mafuta. Ulishanikanda na mimi mwaka ule jino liliponivimba. Mkande baba. Taya zikilegea atasema, na akisema mtoto atapanda lori.

Usinijibu kwamba ni mkwe wako. Umebatizwa, umefunga ndoa kanisani, na bado unajificha kwenye migomba kama swala! Huku wakwe wanakaa meza moja wanakunywa chai. Huo ni ushamba, Sekela, na ushamba huo ndio utakaomkosesha mtoto shule. Nafasi haiwekwi milele. Aprili ikiisha bila yeye kufika, wanapewa wengine. Utamwambia Jenista kwamba mama aliona aibu kumshika babu mashavu?

Lwitiko


Ikinga, 30 Machi 1952

Baba Jenista,

Nimemkanda. Na nimetapika.

Kwanza nilikwenda kwa mchungaji. Akasema Biblia haikatazi. Ni rahisi kwake, si yeye atakayetia kidole. Nikaona kama ni kuvunja heshima, basi niivunje kwa adabu. Baba aliketi kwenye kigoda ameelekea ukuta, mimi nyuma yake, uso wake umefunikwa nguo kuanzia paji la uso mpaka puani, asinione nami nisimwone. Jenista katikati yetu akipitisha maneno. "Babu, mama anasema uma kwa nguvu." "Babu, mama anasema legeza." Na yule mzee anatii kama mtoto mchanga.

Mtu akiuma meno, mbele ya sikio panatuna. Pa baba palikuwa pagumu kama goti. Nilipasha mafuta ya kondoo, na kwa kuwa kondoo alichinjwa zamani mafuta yalikuwa yameshavunda, nyumba nzima ikanuka beberu aliyelowa mvua. Nikazungusha vidole taratibu, nikashuka mpaka kidevuni, nikapanda mpaka kwenye panja, kama bibi alivyonifundisha. Hapo bado nilistahimili.

Lakini msuli huo unashikwa pande mbili. Vidole vinabaki nje ya shavu, kidole gumba kinaingia ndani. Lo! Mwe! Baba Jenista, hivi unajua kinywa cha baba yako kikoje? Kuna ugoro humo tangu enzi za Mjerumani. Kidole kiliteleza kwenye ute mzito, kikapita magego yaliyolika yakawa bapa na makali pembeni, kikagusa kitu laini, nikadhani ni ufizi, kumbe ni nyama ya juzi. Mate yakanishuka kwenye kiganja mpaka kiwiko, ya vuguvugu. Jenista akasema, "Mama, mbona umefumba macho?" Nikamaliza shavu la kwanza, nikamaliza la pili, nikatoka nikaenda kutapikia kwenye migomba iliyoandikwa Jenista.

Nimefanya kwa ajili yake yeye, ulielewe hilo. Si kwa ajili yako wala ya baba yako.

Nimerudia kila siku juma zima. Sasa kinywa kinafunguka upana wa vidole viwili, na kelele zimepungua. Jana nilimsikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema. Jenista anasema babu alifunua nguo kidogo, akamwangalia yeye, halafu akafunga mdomo tena. Nikakasirika, nikamkanda kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Ile nguo ya usoni ililowa mpaka juu kwenye macho. Ni jasho, nadhani.

Nguo yenyewe ni ile mbeleko. Sina nguo nyingine laini ya kumfunika. Itabidi niifue kwa majivu kabla Jenista hajaondoka nayo.

Sekela


Tunduma, 7 Aprili 1952

Mama Jenista,

Barua yako ilinikuta na sahani ya wali. Wali nimewapa mbwa. Ebo! Mtu mzima anaandika mambo ya ute na nyama za juzi? Sitaki kusikia tena habari ya kinywa cha mzee yule. Hata nilipokuwa mdogo nilikuwa nakimbia nje akianza kujichokonoa meno.

La maana ni kwamba kinafunguka. Maliza kazi. Lori la kahawa linaondoka Mbozi Mission Jumatano tarehe 23. Dereva namfahamu, atamchukua Jenista, nami nitampokea mbele ya ghala. Mtoto awe msafi, asichelewe.

Mbeleko uitupe, imenajisika. Hapana, usitupe. Ifue mara nyingi kwa sabuni ya kipande. Mbeleko laini kama ile huku hazipatikani.

Lwitiko


Ikinga, 15 Aprili 1952

Baba Jenista,

Baba ametamka. Baba zako wadogo wote walikuwapo, walimsikia.

Uwe mbele ya ghala Jumatano hiyo. Wa nyumbani kwako nao waje, mgeni wako asione aibu kupokewa na mtu mmoja.

Sekela


Ikinga, 20 Aprili 1952
Kwa mkono wa baba

Lwitiko,

Usichungulie ndani ya lori, hamna mtoto. Aliyekupa barua hii ndiye mgeni wako. Msomee mwenyewe kama anataka, yote anayajua.

Ijumaa Kuu Jenista alikwenda kanisani kuimba na watoto wenzake. Nilitaka kuahirisha, lakini Pasaka ilikuwa imefika na neno halijatoka, nikasema leo nitamkanda bila mpitisha maneno, nitamgonga begani alegeze. Tulikuwa wawili, yeye na mimi, na ule ukuta. Kidole gumba kilikuwa ndani ya shavu. Baba akainua mkono, akakishika kiganja changu, akakitoa kinywani taratibu. Nilitaka kukimbia. Mkwe amenishika mkono! Ndipo akasema, "Mwanangu." Sauti yake sijawahi kuisikia ikisema nami, Lwitiko. Akasema, "Mwanangu, huyo mtoto haendi shule."

Nikajibu vibaya. Nikasahau mkwe, nikasahau yote. Nikamwambia, "Kwa sababu ya ugali wako!"

Akasema, "Kuna mwanamke huko, jina lake Fides. Amezaa na mwanangu Lwitiko. Anauza pombe sokoni na mtoto hana wa kumbeba."

Ezron ndiye aliyemwambia, hakuwa amelewa. Alimkuta huyo Fides nyumbani kwako, mtoto ananyonya, na ukamwambia kwa mdomo wako kwamba yaya yuko njiani, tena hatalipwa kitu. Ezron alishindwa kuniangalia usoni, akampelekea baba. Na baba angemtuma nani? Kwangu haruhusiwi kusema. Mdomo wetu ni Jenista. Ulitaka amwambie Jenista, nenda kamwambie mama kwamba baba yako anakuita ukafute mavi ya mwana wa mwanamke mwingine? Angesemea wapi? Kanisani, ambako yeye ndiye aliyemzuia Zebedayo asile meza ya Bwana kwa sababu ya mke wa pili? Akalifungia neno kinywani. Akalitafuna mpaka meno yakamvunjika. Nami nikamwita mlafi, nikamkanda kwa hasira, na ile nguo ililowa machozi nikasema jasho.

Wewe ulilijua hilo. Ulijua kwamba hata baba akisikia hawezi kuniambia. Ule mwiko uliouita ushamba ndio uliojifichia chini yake. Uliuvunja mwenyewe kwa haraka ya kumpata yaya.

Mate ya baba yako nilitapika mara moja yakaisha. Kinyaa chako wewe hakiishi. "Asuguliwe vizuri." "Uji usio na mabonge." Nilikuwa namfundisha kukoroga uji, Lwitiko! Amesimama jikoni na mwiko, ananiuliza, "Mama, shuleni nitampikia nani?" nami namwambia, "Utajipikia mwenyewe, mwanangu, ukiwa umesoma." Na mbeleko! Uliiomba mbeleko yangu mimi, niliyombebea mwanangu, akambebee nayo wa kwako huko. Mbwa anatapika, anarudi anakula, watu tunasema ni mbwa. Wewe tuseme nini?

Baba alitamka, sikukudanganya. Alitamka kwamba Jenista haji kwako. Pasaka alisimama kanisani akasema jina lako na dhambi yako, akatoka mwenyewe kwenye benchi la wazee, akaenda kukaa nyuma karibu na Zebedayo. Kinywa kilifunguka vizuri, kila mtu alisikia.

Na Jenista shule anakwenda. Amesafiri na babu yake mpaka Mbozi Mission, atakaa kwa dada yangu Roda, ataanza hapo hapo. Nilimwuliza baba, "Na chakula nani atakuletea?" Akasema, "Si utaniletea wewe?"

Mbeleko uliyoiomba iko begani kwa baba. Sijaifua.

Sekela


Tunduma, 6 Mei 1952

Mke wangu mpenzi, Mama Jenista,

Nakuandikia kwa unyenyekevu. Nimekosa, nakiri. Lakini adhabu niliyopata ingewatosha watu kumi.

Nilikuja na Fides na mtoto mbele ya ghala kama ulivyosema. Baba aliposhuka kwenye lori nikadhani naota. Hakunisalimu. Alikwenda kwa Fides, akampa heshima yake, akampokea mtoto, akamtazama sana, akamwombea baraka. Nikashukuru Mungu nikidhani yamekwisha. Halafu akaja kwangu, akaniinamisha mgongo kama nilipokuwa na miaka mitano, akamweka mtoto, akamfunga na ile mbeleko juu ya shati langu jeupe. Mbele ya Mhindi, mbele ya wapagazi, mbele ya lori zima la watu wa migodini. Akasema kwa sauti kubwa, "Mtoto hana kosa. Ni wa kwako, mbebe mwenyewe." Sekela, ile nguo inanuka! Mafuta yaliyooza, ugoro, mate yaliyokauka yakakakamaa. Mtoto akalia, nami nikatapika nikiwa nimembeba. Wapagazi wananiita Yaya mpaka leo.

Tangu siku hiyo nasaga meno. Asubuhi taya hazifunguki, nanywa uji kwa kuunyonya. Fides amesema kelele hizo zinamtia kinyaa, amehamia chumba cha pili na mtoto. Mhindi anasema nikienda kwake nikimung'unya hivi atatafuta karani mwingine.

Wewe una mikono ya bibi yako. Nakuomba njoo, hata juma moja tu. Yaliyopita tuyaache. Nitakutumia nauli ya lori.

Mumeo akupendaye,
Lwitiko


Ikinga, 19 Mei 1952

Lwitiko,

Barua yako nimeisoma yote.

Baba amerudi salama. Hasagi meno tena. Leo nimempakulia mwenyewe, amekula nyama ya mfupa mbele yangu, akanisimulia jinsi wapagazi walivyocheka. Jenista ameandika barua, herufi zake ni kubwa kama kuku lakini zinasomeka.

Mafuta ya kondoo yanauzwa sokoni hapo hapo Tunduma. Yapashe moto kidogo. Vidole vianzie mbele ya sikio, pale panapotuna, vizungushwe taratibu mpaka kidevuni. Kisha kidole gumba kiingie ndani ya shavu, na hapo anayekukanda lazima avumilie mate.

Mimi mate yako siyawezi.

Sekela